Hema la "mtu mmoja" kwenye barafu, mtu mmoja yupi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu yenu ya barua. Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa diaspora ulikuwa na stori ya jamaa anaelezea uvuvi wa kwenye barafu huku Marekani, stori tamu kweli, nimecheka mpaka mke wangu akairusha kwenye grupu la familia, lakini pale mwishoni aliposema ukija huku we chukua tu hema lolote dogo la kempu na jiko dogo la mkaa ndani unamaliza msimu, hapo nikasema hapana, hii siwezi kuiacha ipite, maana kuna vijana wanakuja huku kila mwaka na wanasoma gazeti lenu.

Mi ni mtu wa Musoma, nimekulia kwenye mitumbwi, dagaa tumevua sana usiku kwa karabai. Sasa huu ni mwaka wangu wa 11 Minnesota. Huku kwenye namba za magari wameandika maziwa elfu kumi na sio utani, na kuanzia Desemba mpaka Machi hivi yanaganda, watu wanatembea juu ya maji kwa miguu, wanatoboa tundu kwa keekee na kukaa hapo na kijiti cha kuvulia kifupi kama mwiko wa ugali. Jamaa zangu nyumbani hadi leo wanadhani natania.

Tuanze na hema la kempu. Lina sakafu, sasa utatoboa wapi? Hema la barafu halina sakafu, chini lina pindo la kitambaa linalotokeza nje kama sketi, unalifukia theluji ili upepo usipenye. Afu ndani ni jeusi makusudi. Ukishafunga zipu inakuwa giza, macho yakizoea unaliona tundu linang'aa kijani kama kuna mtu kawasha taa chini ya barafu, na kama maji ni ya futi nane au tisa unamwona samaki mwenyewe anakuja taratibu anainusa chambo anaondoka zake. Siku ya kwanza kuona hiyo kitu nilisahau hata kutikisa kamba.

Sasa kwenye kuchagua, ndipo watu wengi tunapoliwa hela. Yapo ya aina mbili kubwa. Kuna lile la kufumuka, kuta zake zina vitovu katikati, unavuta kila ukuta kutoka nje linatuna ghafla, linasimama kama chumba. Wenyewe wanaliita habu. Ni jepesi, kilo kumi hadi kumi na tano hivi kwa lile dogo, unalibeba mgongoni kwenye mfuko wake. Na kuna flipu, hili lenyewe limefungwa kwenye beseni refu la plastiki ambalo unaliburuta kwa kamba kama mtumbwi, kiti kimo humohumo ndani, ukifika unakaa, unanyanyua vyuma kutoka nyuma unajifunika kichwani kama mtu anajifunika shuka, basi umeshaingia ndani. Sekunde hazifiki hata ishirini.

Mi nilianza na habu maana ilikuwa bei ya kutupa, dola 140, nilinunua mtandaoni kwenye duka moja ambalo silitaji. Boksi limeandikwa mtu mmoja mpaka wawili. Nikaenda nalo ziwa Mille Lacs peke yangu mwezi wa kwanza, ziwa kubwa lile, kilomita za mraba mia tano na kitu, kwetu Victoria lingekuwa kidimbwi tu lakini ukisimama katikati yake huoni cha kukukinga upepo, hakuna mti hakuna nyumba. Nikalifumua kabla sijalifunga nanga, zile skrubu za kulishikiza kwenye barafu. Aisee. Upepo uliingia chini mara moja, hema likanitoka mkononi likaanza kubingirika kwenye barafu kama kapu la mtu sokoni, mi nakimbia nyuma na mabuti mazito nateleza, linaenda, mpaka mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa kakaa juu ya ndoo yake ya plastiki ya lita 20 akatoa mguu tu akalikanyaga. Hakusimama hata. Akaniambia funga kona ya upande wa upepo kwanza kijana, skrubu ya kwanza kabla hujavuta ukuta wowote. Afu akageukia tundu lake.

Ndo maana nasema mhariri, hilo neno "mtu mmoja" kwenye boksi lina mtego. Wauzaji wanahesabu makalio, yani wangapi wanaenea kukaa. Hawahesabu mikono mingapi inatakiwa kulisimamisha kwenye upepo wala mabega mangapi ya kulirudisha garini jioni. Habu ukiwa wawili ni kitu kizuri sana, mmoja anashika mwingine anafunga skrubu, lakini mtu anayekwenda peke yake anunue flipu, huo ndo msimamo wangu na nimebishana nao barbashop mpaka wamenichoka. Flipu uzito wako mwenyewe ndo nanga, umeshaikalia, na upepo ukigeuka unasimama unaigeuza mgongo kwenye upepo unakaa tena. Samaki wakihama unahama nao. Na wanahama kweli, samaki anaitwa wolai, ambaye huku anapendwa kama sisi tunavyompenda sato, jioni jua likizama anasogea kwenye maji mafupi, sasa we na habu yako ya nanga nne utaanza kufungua skrubu zilizoganda na vidole hivyo?

Ila flipu nayo ina mzigo wake. Nyingi za mtu mmoja zinaanzia kilo 20 na ushee, zile nzito zinafika 40, na hapo hujaweka keekee, betri, kihita, chakula. Kwenye barafu tupu inateleza yenyewe, mtoto anaivuta, ila theluji ikiwa ya magotini utaomba poo. Kwahiyo dukani usiishie kulisifia, muulize muuzaji uzito halafu ongeza kama kilo 15 za vitu vyako, na jioni ongeza tena barafu iliyoganda kwenye kitambaa. Kama kuna nafasi kaa ndani palepale dukani ukiwa na kofia na koti lako la baridi, mi nina futi sita na inchi mbili, lile la kwanza nililojaribu kichwa kilikuwa kinagusa kitambaa, na kitambaa kina unyevu wa pumzi yako, kila ukitikisika unanyeshewa.

Hapo kwenye unyevu ndo utaelewa kwanini wanauza yenye sponji katikati ya vitambaa viwili kwa bei ya juu. Mi nilidhani ni ya joto tu. Kumbe kitambaa kimoja pekee, nje digrii hasi ishirini ndani una kihita na unahema, mvuke unaganda ukutani unakuwa kama unga mweupe, unayeyuka, unaganda tena, mpaka kwenye meno ya zipu. Ile habu yangu zipu iliganda saa moja usiku nikiwa ndani, nikaivuta kwa hasira meno matatu yakatoka, ikabidi nitoke kwa kutambaa chini ya sketi kama mwizi wa kuku. Duka likasema warenti haihusu zipu. Ya sponji inaongeza kilo kadhaa, kubali tu, ila chagua yenye zipu nene ambayo unaishika ukiwa na glavu.

Sasa lile la mkaa. Mhariri hili ndo hasa limenifanya niandike, hayo mengine ni maneno ya kijiweni. Sisi nyumbani tunajua kabisa, kila msimu wa baridi tunasikia watu wamelala na jiko la mkaa ndani milango imefungwa na asubuhi hawakuamka, ile kaboni monoksidi haina harufu haina rangi. Hema dogo lililofukiwa sketi kwa theluji ni chumba kidogo kuliko choo cha shimo! Huku wanatumia kihita cha gesi ya propani, vile vinavyojizima hewa ya oksijeni ikipungua au kikianguka, na bado tundu la hewa la juu unaliacha wazi na la chini pia, na mi nina kengele ya kaboni monoksidi, ya betri, naitundika kwenye chuma usawa wa kichwa. Kwahiyo kabla ya kutazama rangi ya hema tafuta matundu ya hewa yako mangapi na kama yanafungukia pande mbili. La tundu moja usinunue hata wakupunguzie nusu.

Na barafu yenyewe kabla ya hema lolote. Idara ya maliasili ya jimbo inasema inchi 4 za barafu mpya iliyo safi ndo utembee, ile nyeupe yenye theluji ndani yake haina nguvu hiyo. Mi natembea na mtaimbo, napiga mbele yangu kila hatua chache. Desemba 2023 kule Upper Red Lake kipande kilikatika kikaelea na watu zaidi ya mia, waliokolewa, lakini hema na mizigo uliza wenyewe. Na kitu kingine ambacho yule jamaa hakugusia, Minnesota hema la kukunja halihitaji leseni ukiwa umo ndani au karibu, ukiliacha ukaenda zaidi ya futi 200 linahitaji. Binamu yangu alikwenda kukojoa kwa heshima za Kiafrika, mbali kabisa, nikamwambia siku utakutana na askari wa wanyamapori.

Basi naomba tu mhariri mrekebishe ule mstari wa jiko la mkaa, hata kwa herufi ndogo pale chini ya ukurasa. Habu yangu bado ipo gereji, zipu mbovu, mwenye kuitaka aje achukue bure ila aje na mwenzake.

Mvuvi wa Musoma,
Minnesota, Marekani