Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: tuanze na jezi za watoto

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tanga. Mimi ni mgosi, yaani mtu wa Tanga, timu yangu ni Coastal Union, kwa hiyo usije ukadhani nimetumwa na Simba kuwasema Yanga au Yanga kuwasema Simba. Ishu yangu ni moja tu, hizi kampuni za kubeti kukaa vifuani mwa timu zetu.

Pita Ngamiani jioni yoyote, kwenye zile barabara za namba, utakuta jezi zimetundikwa mpaka nje ya maduka, saizi ya baba na saizi ya mtoto wa chekechea, na ile ndogo kabisa ambayo mkono wake haufiki hata urefu wa kiganja changu ina jina la kampuni ya kubeti kifuani, kubwa kuliko nembo ya timu yenyewe. Mtoto kusoma hajui ila lile jina analitambua kwa rangi. Sheria inasema kubeti ni miaka 18 kwenda juu, hata matangazo ya redioni yanamalizia na hayo maneno, mbio mbio kama mtu aliyemuona anayemdai. Sasa huyu wa miaka 6 anatembea na tangazo mwilini na hela ya jezi tumetoa sisi wazazi!

Halafu njoo vijiweni. Siku hizi mpira hauongelewi, unaongelewa mkeka, yaani tiketi ya kubeti mechi nyingi kwa pamoja. Mtu anaweka jero (shilingi 500), mechi 15, na anajua fika kwamba timu moja tu ikidroo mkeka wote umechanika. Ndivyo ulivyotengenezwa, kila mechi unayoongeza hela ya kuahidiwa inapanda na nafasi ya kuipata inashuka, ila kwenye simu kinachong'aa ni ile hela tu. Kuna dogo mmoja wa bodaboda, nilimuona pale uwanja wa Mkwakwani anashangilia Coastal imefungwa, kisa mkeka wake umebaki hai. Mgosi kabisa, kazaliwa Makorora! Wazee waliokaa karibu yake walimtazama wakakosa hata tusi la kumpa.

Najua utaniambia hela, na hapo sibishi. 2017 kampuni ya kubeti ya SportPesa ilipoingia kudhamini Simba na Yanga kwa mpigo ile ilikuwa mihela ya maana, na kwa sisi wa mikoani njaa ni kali zaidi, kampuni ikija leo na dili nono sioni kiongozi wa kukataa wala nisingemlaumu. Lakini hela yenyewe haina uaminifu bwana. Kenya serikali ilipopandisha kodi ya kubeti kufika asilimia 35, Januari 2018 kampuni hiyohiyo ikafuta udhamini wake wa michezo nchini kwao, klabu za Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki wanatafuta pa kushika. Na wale Everton wa Uingereza waliokuja Dar Julai 2017, Rooney akafunga pale Taifa na jina hilohilo kifuani, 2020 wenyewe wakaamua kuvunja mkataba kabla haujaisha.

Huko Uingereza jezi za watoto zilishatolewa majina ya kubeti miaka mingi tu. Aprili 2023 vilabu vya ligi kuu yao vikakubaliana kifua kiwe kitupu kuanzia msimu wa 2025/26 ukiisha (mikononi wamebakiza, ujanja ujanja, hapo tusiwaige). Italia walishapiga marufuku tangu 2018, na ligi yao ipo inachezwa.

Sasa usinijibu kwamba Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iko Wizara ya Fedha. Najua. Leseni ni zao lakini jezi ni zako, Baraza la Michezo la Taifa (BMT) liko kwako na shirikisho la mpira, TFF, wanakusikiliza. Na hela ipo tayari bila kuuza kifua: 2021 kodi ya kubeti michezo ilipanda kutoka asilimia 25 mpaka 30, na ile 5 ya juu ikaelekezwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Yaani wacheza kamari wanachangia michezo hata kama hakuna jina la kampuni hata moja uwanjani. Basi tutangazie mfuko unagawaje, na klabu itakayokubali kuacha mdhamini wa kubeti ipate fungu lake humo, hasa hizi za mikoani, maana kuwaambia waache bila kuwapa mbadala ni kuwaua.

Mikataba iliyopo iache iishe, sitaki mtu ashtakiwe. Ila jezi za watoto hazihitaji kusubiri chochote, kampuni yenyewe inasema haitaki wateja wa chini ya miaka 18, kwa hiyo sioni itapinga kwa hoja gani. Viwanda huwa vinachapa jezi kabla ligi haijaanza, ukituma barua TFF baada ya hapo watakwambia mzigo ulishafika bandarini. Itume mapema.

Ni mimi shabiki wa mzunguko, Mkwakwani, Tanga.