Dawa ya kuotesha jino: ungoje au uzibe?

Juzi mvuvi mmoja mtu mzima aliingia kliniki yetu hapa Malindi akishika shavu. Kabla hajakaa akanipa simu yake. "Daktari, kijana wangu kanitumia hii. Wajapani wana dawa ya kuotesha meno. Hili gego ling'oe tu, nitangoja jipya." Mwaka huu nimeulizwa hivyo na wengi, basi nalijibu hapa kwa wote.

Nikamwuliza, "Mzee wangu, papa umempasua mara ngapi? Meno yake yamekaaje?" Akapanga vidole vya mkono mmoja nyuma ya mwingine: safu nyuma ya safu. Ndivyo ilivyo. Papa likimtoka la mbele, la nyuma husogea kushika nafasi, maisha yake yote. Sisi tumepewa mara mbili tu: 20 ya utotoni, kisha 32 ya ukubwani.

Habari ya Japani ni ya kweli. Dkt Katsu Takahashi na wenzake waliona kwamba protini iitwayo USAG-1 huzuia vichipukizi vya meno visikue, wakatengeneza kingamwili ya kuibana. Mwaka 2021 walitangaza kuwa imeotesha meno kwa panya na kwa fereti, mnyama wa jamii ya kicheche ambaye kama sisi huota meno ya utotoni kisha ya ukubwani. Mwaka 2024 majaribio kwa binadamu yakaanza katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto: wanaume 30, wa miaka 30 hadi 64, kila mmoja akiwa na pengo. Hapo kinachopimwa kwanza ni usalama. Wanaolengwa baada yao ni watoto waliozaliwa bila baadhi ya meno, na watafiti wanatumaini dawa iwafikie wagonjwa ifikapo 2030. Wenye haki ya kutangulia ni watoto hao. Na dawa yenyewe huamsha chipukizi lililolala tayani. Tundu la jino bovu haizibi.

Mimi utafiti ninaoupenda zaidi ni wa London. Seli zinazojenga enameli, ule ugumu wa juu, hufa jino linapochomoza, kama mafundi walioshusha jahazi majini wakatawanyika. Ndiyo maana enameli iliyotoboka hairudi. Lakini chini yake kuna dentini, tabaka gumu la ndani, na katikati kiini chenye uhai ambacho kikiumizwa hujitandikia utando mwembamba wa dentini mpya. Mwaka 2017 Paul Sharpe na wenzake wa King's College London walitia kisponji cha kolajeni chenye dawa ya tideglusibu kwenye matundu ya meno ya panya. Kisponji kikayeyuka taratibu, dentini ikajaa mahali pake. Bado hatuna dawa hiyo klinikini kwetu, ila funzo lake tunalo: kiini kikiwa hai, kilindwe.

Basi gego la mzee tulilipima kwa pamba ya baridi. Akashtuka, maumivu yakapoa papo hapo. Lilikuwa hai! Nikampiga ganzi, nikakwangua uozo, wa kahawia na laini kama halua, mpaka kijiko kikaanza kulia kwenye dentini ngumu. Hapo nikaacha. Nikatandika dawa yenye kalsiamu, nikaziba.

Angeling'oa, lile la juu lingeanza kushuka pengoni na majirani kulala upande, na hata meno bandia yangekaa kwa tabu.

Kina mama, mtoto anayemung'unya mabuyu kutwa, mtazameni karibu na ufizi. Doa jeupe kama chokaa ni uozo unaoanza, na huo bado hurudi nyuma: dawa ya meno yenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala, ateme asisukutue kwa maji. Likishatoboka, mleteni tuzibe.

Na jino la ukubwani likichomoka zima, kwa bodaboda au mpirani, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Litie kwenye kikombe cha maziwa uje nalo mbio, saa moja isipite. Ukifika na kikombe mkononi, tutakurusha foleni, wengine watatuwia radhi.