Hivi Himo ni mji au kijiji? Tuonyesheni ramani

Mhariri, shikamoo na pole na majukumu. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, maana hili jambo ninalo toka 2022 na kila nikikaa kijiweni linaibuka upya.

Nakaa Himo, pale lami ya kutoka Moshi inapogawanyika, moja inaenda Holili mpakani na nyingine inapanda Marangu, Mwika hadi Rombo. Aliyewahi kupita anajua. Alfajiri hata jogoo hajamaliza kuwika malori ya mahindi yameshajipanga, mama ntilie ameshabandika supu, bodaboda wanagombea abiria aliyeshuka kwenye basi la usiku, na usiku wa manane ukitaka chipsi unapata. Ila kiutawala tuko halmashauri ya wilaya, ambayo watu mpaka leo wanaiita Moshi Vijijini. Sasa nenda Dodoma, panda gari mpaka Hombolo, utakuta mizabibu, mbuzi na mtama, na ukimuuliza mtu anakaa wapi kwa maandishi atakwambia Jiji la Dodoma. Dar ndo usiseme, sensa ya 2012 iliuhesabu mkoa mzima kuwa mjini, ina maana na yule wa Pemba Mnazi kule mwisho wa Kigamboni, mwenye minazi yake na muhogo wake, ni mtu wa mjini kama wa Kariakoo.

Mimi sibishani na heshima ya mtu kuitwa wa mjini, mwenye kutaka aitwe. Ninachouliza ni nani anachora huo mstari na anauchora kwa kutumia nini.

Nilikuwa karani wa sensa, ile ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Tulipewa vishikwambi vikiwa na ramani ya maeneo ya kuhesabia watu, kila karani na kipande chake. Siku moja natembea kwenye mpaka wa eneo langu, mpaka wenyewe ni mfereji wa maji, ile mifereji yetu ya asili, nikavuka kwenda kuomba maji ya kunywa ng'ambo, natazama kishikwambi naona kile kidoti kinachoonyesha niliposimama kimeshahama kwenye mstari kimeingia eneo la mwenzangu. Hatua nne tu! Nikacheka, ila baadaye nikaanza kuwaza, kumbe serikali yetu inaweza kujua mtu amesimama upande gani wa mfereji, na hapohapo kuna majengo yamepigwa picha ya setelaiti, kulikuwa na sensa ya majengo, mwaka huohuo kulikuwa na anwani za makazi kila mlango ukabandikwa namba. Kwa utajiri wote huo wa data, likija suala la huyu ni wa mjini na huyu wa kijijini tunarudi kwenye orodha ya majina ya maeneo.

Kwa faida ya asiyejua, kwetu hakuna idadi ya watu ambayo ukiifikisha unakuwa mji. Makao makuu ya mkoa na ya wilaya yanahesabiwa mji, halafu sehemu zingine zinazoonekana zina sura ya mji, soko, shule, hospitali, watu wasiotegemea jembe, zinaongezwa kwa maoni ya wenyeji wa wilaya. Ndo maana kwenye vitabu vya sensa utaona kata za mjini, kata za vijijini na zingine zimeandikwa mchanganyiko. Hilo neno mchanganyiko nalipenda kwa kweli, ni neno la mtu mkweli aliyeshindwa kuamua. Na hatuko peke yetu, kila nchi ina lake, Kenya wao kwenye sensa ya 2019 walianzia watu 2,000, Denmark ukiwa na watu 200 tu waliojibana pamoja ushakuwa mji, Japani unatakiwa ufikishe 50,000. Kwa hiyo ukisikia kwamba Watanzania wa mjini wametoka kama 30 kwa kila 100 mwaka 2012 wakafika karibu 35 mwaka 2022, jua kwamba sehemu ya ongezeko ni watu waliohama na waliozaliwa, na sehemu nyingine ni watu ambao hawajahama popote, wamelala kijijini wakaamka mjini kwa sababu jina la eneo lao limebadilishwa kwenye orodha.

Sasa mtu ataniambia, we fundi ramani unasumbuka na majina, jina linakula nini? Linakula hela, mhariri. Kuanzia Januari 2022 bei ya kuunganishiwa umeme wa njia moja ikagawanywa, wa kijijini shilingi 27,000, wa mjini shilingi 320,960 kama huhitaji nguzo. Hapo ndo neno vijiji-miji likavuma hadi bungeni, maana kuna vijiji vimeandikwa mji huku watu wake wanalima mahindi, na kuna sehemu barabara ni moja, mwenye nyumba wa kushoto analipa bei ya bando za mwezi na wa kulia anauza ng'ombe. Ukiuliza mpaka uko wapi unaambiwa uko kwenye waraka. Waraka hauna picha! Mpaka ni kitu cha kuona kwa macho, ukiuandika kwa maneno matupu kila ofisi itausoma kivyake.

Na ardhi ndo kubwa kuliko umeme ila watu hawalisemi, labda kwa sababu umeme unaulipia mara moja na ardhi inakuja polepole. Kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kina halmashauri yake inayosimamia ardhi, kuna mkutano mkuu wa kijiji, unapata hati ya kimila, mambo mengi mnamalizana hapohapo chini ya mwembe. Siku eneo likitangazwa la mipango miji na kijiji kikafutwa kikawa mtaa, mwenyekiti wa mtaa hana yale mamlaka juu ya ardhi, anabaki na muhuri wa kuandika barua za utambulisho. Shamba la babu linageuka viwanja, inakuja habari ya upimaji, hati, kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Inaweza kuwa neema, sikatai, wapo waliouza vizuri wakajenga. Ila mabadiliko makubwa hivyo kwa maisha ya mtu yanatakiwa yaanze na ushahidi mezani, hawa watu wamesongamana kiasi hiki, nyumba ziko hivi, hii hapa picha ya 2012 na hii ya juzi, tazameni wenyewe.

Ushahidi huo upo na mwingi ni wa bure. Mwezi Machi 2020 tume ya takwimu ya Umoja wa Mataifa ilipitisha njia moja ya kulinganisha miji ya nchi zote. Wanaikata nchi nzima kuwa viraba vya kilomita moja kwa kilomita moja, kama daftari la hesabu, halafu wanahesabu kila kiraba kina watu wangapi. Viraba vinavyogusana vyenye watu kuanzia 1,500 kila kimoja, na vyote kwa pamoja vikafika watu 50,000, hilo ni jiji. Vikiwa na kuanzia 300 na jumla ikafika 5,000 huo ni mji wa kati au kitongoji cha mji, na panapobaki ni kijijini. Hakuna kuuliza makao makuu ya wilaya yako wapi wala mbunge anatoka chama gani. Kuna wengine wa Africapolis, mradi wa utafiti wa miji ya Afrika, wanaangalia majengo yaliyokaribiana, nyumba na nyumba isizidi mita 200, na watu wafike 10,000. Na wapo wanaoangalia taa za usiku, toka 2012 kuna setelaiti ya Suomi NPP inapiga picha dunia ikiwa gizani na ukifungua picha yake unaiona Dar inavyong'aa.

Lakini sitaki mtu anisome vibaya aseme jamaa anaabudu setelaiti. Taa za usiku mimi sizitaki kabisa kwenye hili jambo, na sababu ni rahisi. Ukisema penye taa ndo mji, halafu ukasema wa mjini alipie umeme zaidi ya mara kumi, basi jirani zangu wa kwanza kuvuta umeme wameniponza mimi niliyechelewa kwa kukosa hela. Masikini wa mwisho kijijini ndo anakuja kulipa bei ya mjini!

Na viraba navyo vina matatizo yake, hasa huku kwetu. Data za namna hii mara nyingi zinatengenezwa kwa kuchukua idadi ya watu wa kata kwenye sensa na kuwagawa juu ya mapaa ambayo setelaiti imeyaona. Sawa. Nikashusha nikaweka kwenye kompyuta yangu nikatazama Himo. Maghala ya mahindi pale chini, mabati makubwa yanayong'aa, kompyuta imeyapa watu kana kwamba kuna familia zimelala juu ya magunia. Nikapandisha jicho juu kwenye vihamba vya Kilema na Marangu, yale mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba mlimani Kilimanjaro, huko ni kijani tupu, migomba imeziba, na chini ya migomba kuna kahawa, na chini ya kahawa kuna nyumba ya babu, na nyuma yake nyumba ya baba mdogo, na zizi la ng'ombe wa ndani, na kaburi la bibi, na njia ya kwenda kwa jirani isiyopitisha hata toyo. Setelaiti inaona msitu. Mimi nimehesabu watu kule nyumba kwa nyumba na nakwambia hodi moja na nyingine hazifiki hata dakika mbili.

Ukiwahesabu vizuri sasa ndo unaingia kwenye mtego wa pili. Maeneo mengi ya vihamba yanapita watu 500 kwa kilomita moja ya mraba, na yanagusana kutoka Machame mpaka Rombo. Kwa ile kanuni ya 300 na 5,000 ukiichukua kavukavu mlima wote unageuka mji! Wenzetu wa Vihiga kule magharibi mwa Kenya ndo kabisa, sensa ya 2019 iliwakuta ni zaidi ya 1,000 kwa kilomita ya mraba kaunti nzima, na watu wana chai na mahindi na ng'ombe wawili. Mkulima wa kihamba ana majirani kila upande lakini anakula alichopanda na maji anafuata mferejini. Kumwita wa mjini ili alipe kama wa mjini ni kumwonea kwa kutumia hesabu sahihi, na hiyo ndo mbaya zaidi maana utampinga vipi wakati hesabu ziko sahihi?

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Viraba vitumike kama hatua ya kwanza, vionyeshe wapi watu wamesongamana, kisha pale panapotatiza waulizwe wanafanya kazi gani, sensa imeshauliza, majibu yapo. Msongamano na jembe ni kijiji kikubwa, msongamano na duka na gereji na nyumba za kupanga ni mji hata kama hakuna bango la halmashauri ya mji. Na katikati liwepo kundi la tatu lenye jina na bei yake, kwa sababu vijiji-miji vipo, kila mtu anaviona, ni bei tu ndo inajifanya haivioni. Eneo la kupima liwe lile dogo la kuhesabia watu, lisiwe kata nzima, kata ya huku inaweza kuanzia kwenye lami ikaishia msituni na ukiipa jina moja lazima umdanganye mtu mmoja. Isipangwe mara moja kila miaka kumi pia, majengo mapya yanaonekana kila mwaka kwenye picha.

Halafu ramani itolewe. Ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na iwekwe kwenye mtandao mtu aikuze aone paa la nyumba yake liko rangi gani, na iwepo siku ya kusikiliza pingamizi kama inavyofanywa kwa daftari la wapiga kura. Najua kuna watakaosema wananchi hawajui ramani. Jamani, wakati wa sensa nilikuwa namwonyesha bibi wa miaka sabini na kitu picha ya kihamba chake kutoka juu, akaangalia kidogo akaniambia huu mti hapa kwenye kona umeshakatwa, picha yako ya zamani. Ulikuwa umekatwa kweli, kisiki nilikikuta.

Jumapili hii baada ya ibada tuna kikao cha kitongoji na ajenda ya tatu ni hiyohiyo, sisi ni mji au bado. Mwenyekiti anasema ana karatasi ya zamani ya mipaka ameitunza kwenye sanduku toka enzi za baba yake, nami nakuja na kompyuta, ila chaji ni ya kuombea maana umeme wa kwangu haujafika bado. Mkiichapa barua hii mapema mtakuwa mmenisaidia, nitaipitisha mkono kwa mkono kabla ya kikao.

Wenu msomaji wa kila siku,
Karani wa zamani, Himo, Kilimanjaro