Barua kwa Shangazi wa Lindi: antivairasi baadaye, tuanze na umeme

Shikamoo Shangazi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hadi pale jogoo alipokukatiza. Hongera kwa laptopu. Umefanya vizuri kuitafutia kazi kabla ya kuinunua: hesabu za kikoba, barua za mtaa, na wajukuu wapate cha kugombania wakifunga shule. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu swali lako la "niweke antivairasi gani?", yaani programu ya kukinga virusi vya kompyuta, ndilo ninaloulizwa na wateja wengi hapa dukani Mtwara, na jibu langu huwa linawaudhi.

Usiweke yoyote. Windows 10 na 11, programu kuu zinazoendesha laptopu nyingi, zinakuja na kinga yake ndani, nayo inatosha kwa mtu wa matumizi ya nyumbani. Zile antivairasi za kulipia ambazo mtu anakuletea kwenye flashi, "zimeshavunjwa, hulipi kitu", ndizo za kuogopa. Aliyevunja mlango ili wewe uingie bure, yeye anaweza kuingia saa ngapi? Ukikutana nayo, mshukuru aliyeileta, umrudishie.

Kwa huku kwetu kinachoua kompyuta mapema ni umeme na hewa ya bahari. Umeme ukikatika si hatari sana. Hatari iko pale unaporudi, maana mara nyingi unarudi kwa kishindo, unapanda na kushuka kabla haujatulia. Kwa hiyo taa zikizima, chomoa chaja ukutani. Zikiwaka, zipe dakika chache, angalia kama feni inazunguka sawasawa, ndipo uchomeke. Usiiunganishe laptopu kwenye ekstensheni moja na friji. Jirani yako mwenye kompyuta ya mezani mwambie anunue UPS, kile kisanduku chenye betri ya akiba, hata ndogo, ya kumpa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Wewe UPS unayo tayari, ni betri ya laptopu. Ndiyo maana nimeguna uliposema "betri imekufa lakini nikichomeka inafanya kazi". Hapo umeme ukikatika, mashine inazima papo hapo ukiwa katikati ya kuandika marejesho ya mama fulani, na faili linaweza kuharibika lote. Fundi akikuambia uongeze RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, mwambie betri kwanza. Na ukiona kibodi imeinuka katikati, au kile kibao cha kusogezea mshale kimekuwa kigumu kubonyeza, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze irudi wala usiitoboe, ipeleke kwa fundi.

Kuhusu bahari: ile meza ya dirishani inayopigwa na upepo wa pwani mchana kutwa ni nzuri kwa kusukia ukili, kwa laptopu si pazuri. Chumvi inatua kwenye matundu ya flashi na chaja, inaleta kutu taratibu. Iweke chumba cha ndani. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke ndani ya begi la laptopu vinyonye unyevu, ila mbali na watoto. Na itumie mara kwa mara, maana joto lake lenyewe linaikausha, kuliko kuifungia kabatini masika nzima. Kuifunika kanga ruksa, ila iwe imezimwa. Ikiwa imewaka juu ya kitanda au godoro, matundu ya hewa yanazibwa na feni inalia kama inaomba msaada.

Sasa hesabu za kikoba, ambazo ndizo zinaninyima usingizi kuliko laptopu yenyewe. Laptopu ikifa utanunua nyingine. Daftari la hisa za wanachama likipotea wiki moja kabla ya kuvunja kikoba, hutapita sokoni.

Mpiga picha mmoja Mmarekani, Peter Krogh, alieneza kanuni ambayo watu wa kompyuta wameishika: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwako itakuwa hivi. Nakala ya kwanza ni hiyo ya kwenye laptopu. Ya pili iwe kwenye eksteno, ile diski ya nje ya kuchomeka, au hata flashi nzuri, inayokaa kabatini na haitoki kwenda popote. Ya tatu jitumie mwenyewe kwa barua pepe kila baada ya kikao. Faili la Excel la kikoba chako ni dogo, halifikii hata picha moja ya simu, kwa hiyo bando halitaisha. Akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, utaandika hisa mpaka uchoke. Lipe kila faili tarehe kwenye jina lake, ili siku ukikosea kufuta safu nzima uwe na la wiki iliyopita.

Kuna watakaokuambia weka kila kitu mtandaoni, mambo ya flashi yamepitwa na wakati. Wakumbushe Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya kwenda Dar ikakatika upande wa Somanga, na kabla mwezi haujafika nusu nyaya za intaneti za chini ya bahari nazo zikapata hitilafu, mtandao ukasuasua Afrika Mashariki. Aliyekuwa na faili lake mtandaoni peke yake alibaki kutazama kiduara kinazunguka. Daftari la karatasi pia usilitupe. Katibu mzuri ana vyote.

Steshenari ni mada nyingine. Flashi yako ikitoka kule, unaweza kukuta mafaili yote yamegeuka kuwa vialama vyenye mshale mdogo pembeni. Usibofye hata kimoja, maana kubofya ndiko kunakoingiza kirusi kwenye laptopu yako. Mara nyingi mafaili yenyewe bado yapo, yamefichwa tu, na fundi anayejua kazi atayafichua bila kufuta kitu. Dawa rahisi ni kuwa na flashi ya kuchapishia tu, unaweka barua moja unayotaka ichapwe, basi. Ibadilishe iwe PDF kwanza, ili isifike kule mistari imeparanganyika. Na kama umefungua WhatsApp kwenye kompyuta ya steshenari, usiondoke hivi hivi. Kwenye simu yako ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, kiondoe kile cha steshenari. Watu wanaacha maongezi ya familia nzima pale mezani, tunayafunga sisi.

Mafundi wetu nawapenda, ila wengi dawa yao ni moja: kupiga windo, yaani kuweka Windows upya. Laptopu nzito, piga windo. Haitoi sauti, piga windo. Kupiga windo mara nyingi kunafuta vilivyo kwenye diski C, na "Desktop" na "Documents" ziko humo humo. Kabla hujakubali, muulize mafaili yangu yanaenda wapi, na ubaki hapo hapo akinakili. Kama tatizo ni uzito tu, uliza diski ni ya aina gani. Ikiwa ni ile ya zamani inayozunguka, kuibadilisha kwa SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, kutakupa laptopu mpya kuliko windo kumi.

Halafu andika neno winver kwenye sehemu ya kutafutia, bonyeza Enter. Ikisema Windows 10, ujue Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Haitazima kesho, lakini matundu mapya yatabaki wazi. Laptopu nyingi za mtumba hazikubaliwi na Windows 11 kwa sababu prosesa zake, yaani ubongo wa mashine, ni za zamani; zikiwa za kampuni ya Intel wanataka kuanzia kizazi cha nane. Kama yako haifiki, tutaongea kuhusu Linux Mint, inayowekwa badala ya Windows. Ni ya bure, na haina masharti hayo. Excel haimo, ila imo LibreOffice inayofungua mafaili yale yale.

Wajukuu wafungulie akaunti yao isiyo na ruhusa ya kuweka programu. Nywila yako isiwe mwaka wa kuzaliwa wala jina la marehemu babu. Chukua maneno manne ya Kimwera yasiyohusiana, uyaunganishe. Wahuni wa mtandaoni watahangaika. Kwenye Wi-Fi ya simu yako, iambie kompyuta kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, iache kushusha masasisho makubwa usiku na kumaliza bando. Ukipata kwa jirani mwenye intaneti ya mwezi, ndipo uyashushe. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zisikusumbue, zisukume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Geuza laptopu, piga picha kile kibandiko cha chini chenye jina na namba ya modeli, unitumie leo. Nitaulizia betri yake hapa mjini, na ikipatikana nitampa dereva wa basi la asubuhi. Hela utanipa tukionana, au nipunguzie kwenye deni la korosho.