Barua kwa Rafiki Aliyekabidhiwa Idara ya Ununuzi

Viwandani, Nairobi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Nairobi. Nimefurahi mno kusikia kwamba umekabidhiwa idara ya ununuzi, na nimeisoma kwa makini rasimu ya kanuni za maadili kwa wagavi, yaani wanaowauzia bidhaa, uliyonitumia. Inakataza ajira ya watoto, inadai vifaa vya kuzimia moto, na inamtaka kila mgavi aeleze anavyotupa taka zake. Yote hayo ni mema. Hata hivyo, kurasa zote zinamhusu anayeuza, wala hakuna mstari hata mmoja unaomfunga anayenunua. Nakuandikia kwa sababu ya hilo, maana naamini kwamba mengi ya maovu tunayoyatafuta kwa wagavi huanzia mezani petu, tunapopanga bei, muda wa kuletewa bidhaa na siku ya malipo.

Ovaroli za wafanyakazi wetu hushonwa na mama mmoja wa Kariobangi mwenye cherehani chache na mafundi hodari. Majuzi nilipokwenda kuangalia kitambaa, alinionyesha dodoso refu alilotumiwa na mteja wake mwingine, kampuni kubwa ambayo sitaitaja. Aliulizwa anazalisha hewa ukaa kiasi gani, mafundi wake hufanya kazi saa ngapi, na kama ana sera ya maandishi dhidi ya kazi ya kulazimishwa. Ndani ya faili hiyo hiyo mlikuwa na ankara ya mteja huyo huyo, yenye muhuri wa kupokelewa. Mkataba uliipa siku 90 za kulipwa, na hizo zilikuwa zimepita. Kitambaa alikuwa amekinunua kwa pesa taslimu, na ili mafundi wapate mshahara wa mwisho wa mwezi ilimbidi akope kwa shailoki, mkopeshaji wa riba kubwa. Kampuni iliyokalia pesa za fundi kwa zaidi ya miezi mitatu bila riba ilikuwa ikimtaka athibitishe kwamba huwalipa watu wake kwa wakati. Tena, aliniambia, oda zao huja Ijumaa jioni na nguo hutakiwa Jumatatu asubuhi. Ajaze nini, basi, pale anapoulizwa kama mafundi wake hupumzika Jumapili?

Huenda ukasema kwamba wakaguzi watayaona hayo. Naheshimu kazi yao, lakini kumbuka yaliyotokea Karachi, Pakistan. Mwezi Agosti 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kilipewa cheti cha SA8000, ambacho ni miongoni mwa vyeti vinavyoheshimiwa sana katika haki za wafanyakazi. Tarehe 11 Septemba mwaka huo huo kiliteketea na watu zaidi ya 250 wakafa, kwa kuwa madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Mnunuzi wake mkuu alikuwa KiK, kampuni ya Ujerumani. Kesi ya manusura na jamaa za marehemu dhidi ya KiK ilifika katika mahakama ya Dortmund, Ujerumani, ikatupwa mwaka 2019 kwa sababu muda wa kushtaki ulikuwa umekwisha.

Msiba huo ulitajwa sana katika mjadala uliozaa sheria ya Ujerumani kuhusu wajibu wa kampuni katika mnyororo wa ugavi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 kwa kampuni zenye wafanyakazi 3,000 au zaidi, na mwaka uliofuata kwa zenye 1,000. Wengi huichukulia sheria hiyo kuwa ni agizo la kuwatumia wagavi fomu, ilhali kifungu chake cha 6 kinamtaka mnunuzi mwenyewe arekebishe mikakati na desturi zake za ununuzi ili zisilete madhara. Laiti kifungu hicho kingesomwa kwa bidii ile ile inayotumika kutunga madodoso!

Katika mazingira pia naona jambo lilo hilo. Waridi za Naivasha kwa kawaida husafirishwa Ulaya kwa ndege. Zikipelekwa kwa meli kutoka Mombasa, hewa ukaa hupungua sana, lakini maua hukaa ndani ya kontena la baridi kwa takriban mwezi mzima, na safari ilirefuka zaidi pale mashambulizi ya Bahari ya Shamu ya mwishoni mwa 2023 yalipozilazimu meli kuzunguka kusini mwa Afrika. Njia hiyo humfaa tu mkulima ambaye mnunuzi wake amemwambia mapema anachokihitaji. Anayebadilisha oda wiki ya mwisho hana haki ya kumlaumu mkulima kwa kutumia ndege.

Hapa kwetu, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 imewatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote, ila zabuni isiyolipwa kwa wakati humfilisi haraka zaidi yule asiye na akiba.

Kwa hiyo nakuomba uongeze sehemu ya ahadi zenu. Wagavi wadogo walipwe ndani ya siku 30. Oda itolewe mapema kiasi ambacho kazi inaweza kumalizika bila kukesha, na mkiifuta baada ya kitambaa kukatwa, mkilipie. Mgavi anayelalamika asinyimwe kazi kwa sababu hiyo. Idara ya fedha itakupinga katika hilo la siku 30, na naijua hoja yao kwamba pesa zikikaa zinaisaidia kampuni. Waulize ni nani anayelipa riba wakati huo wote. Ukinitumia rasimu mpya kabla ya kikao chenu, nitaipitia kifungu kwa kifungu na kukurudishia siku hiyo hiyo.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.