Shomari hatatobolewa uti wa mgongo

Rukia shoga yangu,

Salamu nyingi, za Mama umfikishie. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana usiku, nikaurudia, usingizi ukaniruka. Kumbe Shomari ndiye aliyelingana na dada yake Zena, ndiye atakayempa seli za uboho wake, na Bi Mwanaidi keshatangaza kuwa kijana atatobolewa uti wa mgongo aishiwe damu! Nakuandikia, maana kwenye simu tutaishia kulia tu.

Uti wa mgongo hauguswi. Hata wanaovunwa uboho wenyewe, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, huchomwa nyongani, tena wakiwa kwenye nusukaputi. Ila kwa sindano za G-CSF ulizonitajia, dawa ya kuzitoa seli kwenye uboho, naona watapitia mishipa ya damu. Seli shina za damu, zile zinazozaa chembe zote za damu, hukaa ndani ya uboho, nyingi zimelala. Seli jirani zao humo hutoa kemikali iitwayo CXCL12, na seli shina zina kipokezi cha kuinasa. Ndiyo inayozishika pale. Sindano hizo, siku 4 au 5, huipunguza, basi seli zinaachia kama ngalawa iliyong'olewa nanga na kuingia kwenye damu. Siku ya kuvuna atakaa kitini saa kadhaa: damu inatoka mkono huu, mashine inachuja seli shina, inayobaki inarudi mkono wa pili. Mifupa itamuuma, hasa kiunoni. Mwambieni mapema asije akashtuka.

Na hilo la kuishiwa... Bi Mwanaidi ananiudhi, Rukia, kumtia hofu mtoto wa watu. Uboho unasikiliza mwili mzima. Oksijeni ikipungua, figo humwaga homoni ya erithropoyetini na chembe nyekundu zinaongezwa. Maambukizi yakiingia, hata seli shina zilizolala huamshwa. Zitakazobaki kwa Shomari zitajigawa, pengo lijae.

Roho yangu iko kwa Zena. Uboho wake utafutwa kwa dawa kali kwanza, kisha seli za kaka yake zitaingia kwa dripu, zifuate CXCL12 ileile hadi mfupani. Kinga huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kupanda, na wakati huo mafua ya mgeni mmoja yanaweza kumuua. Kwa hiyo wageni, hata shangazi zake... wazuieni, wakinuna wanune.

Shomari mwenyewe anasemaje? Kuna aliyemuuliza akiwa peke yake, au mmemwamulia? Nani anasafiri nao India? Nauli imetimia? Na wewe, unakula?

Wako,
Mwanahawa