Intavyuu ya fundi umeme, ung'eng'e wa nini?

Mhariri,

Naomba kanafasi niongelee hii tabia ya kumpima mtu kwa kimombo chake. Mdogo wangu ni fundi umeme, juzi kaenda intavyuu, akaambiwa ajieleze kwa Kiingereza, basi bosi wake wa zamani ni mama, dogo akawa anamwita "hi" ya kiume badala ya "shi" ya kike, paneli nzima wakaanza kumcheka chini chini. Sasa si kwetu mume yeye, mke yeye? Hakuna hata mmoja aliyempa tesita wala kumuuliza habari ya waya, na hiyo kazi yenyewe ni ya kuzunguka Mbagala na Temeke ambako wateja wote wanaongea Kiswahili.

Halafu tuwe wakweli, mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, akifika fomu wani anabadilishiwa lugha ghafla, mwenzie aliyepelekwa inglishi midiamu anapeta tu, kwa hiyo mnachopima hapo ni mfuko wa mzazi. Hata mahakama zetu sheria ilibadilishwa 2021 lugha ikawa Kiswahili, sembuse kufunga soketi!

Ushauri wangu kwa waajiri, kama kazi inataka Kiingereza kweli, mfano ya kupokea watalii, andikeni kwenye tangazo mtu ajue mapema asipoteze nauli. Kama ni ya ufundi, muulizeni kwa Kiswahili halafu mpeni bisibisi tumuone.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam